Utoaji wa viungo: Sheria yaruhusu marehemu kuokoa walio hai, lakini nani wa kusema ndiyo?

FIGO mbili za binadamu zinapokoma kufanya kazi, mgonjwa hubakiwa na njia mbili pekee za kuendelea kuishi. Ya kwanza ni kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, juma baada ya juma, kwa muda wote uliosalia wa uhai wake. Ya pili ni kupandikiziwa figo ya mtu mwingine.

Nchini Kenya, njia hiyo ya pili imekuwa ikipitia mlango mmoja mwembamba. Ni sharti apatikane mtu aliye hai, mwenye afya njema, aliye radhi kupasuliwa ili figo yake moja itolewe. Mgonjwa asiye na jamaa wa kumpa, au ambaye jamaa zake wamepimwa na kuonekana hawafai, hana budi kurejea kwenye mashine.

Hata hivyo, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ilifungua mlango wa pili. Inamruhusu mtu yeyote mwenye uwezo wa kisheria wa kuandika wosia aagize kwamba akifariki, mwili wake au viungo fulani vitumiwe kuwatibu wengine. Miaka imepita tangu sheria hiyo ipitishwe, lakini figo zinazopandikizwa humu nchini zimeendelea kutoka kwa walio hai. Sababu za hali hiyo zinastahili kueleweka, kwa kuwa ndizo pia zilizoyapa magendo ya viungo nafasi ya kuota mizizi.

Maisha ya mashine

Kila figo ina ukubwa unaokaribia ngumi ya mkono. Figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, zikirudisha mwilini sehemu kubwa na kutoa uchafu na maji ya ziada kama mkojo. Aidha, husaidia kudhibiti shinikizo la damu na kuuchochea mwili utengeneze chembe nyekundu za damu.

Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu ndiyo yanayoongoza kwa kuharibu figo. Ubaya wa uharibifu huu ni kwamba hutokea kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi maumivu yoyote. Wengi hugundua wakati miguu imekwisha kuvimba, pumzi zimekuwa fupi na chakula hakikai tumboni.

Mashine husafisha damu kwa muda wa saa nne hivi katika kila kikao, mara mbili au tatu kwa juma. Baina ya vikao, mgonjwa huhesabu vikombe vya maji anavyokunywa na kujihadhari na vyakula vya kawaida kama vile ndizi, viazi na maharagwe, kwa sababu madini yake ya potasiamu yanaweza kuusimamisha moyo usiokuwa na figo za kuyaondoa.

Kwa miaka mingi mashine hizi zilipatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu uliozinduliwa mwaka wa 2015 ulizisambaza katika kaunti. Bima ya kitaifa ya NHIF, ambayo majukumu yake yalichukuliwa na mamlaka ya SHA mnamo Oktoba 2024, iligharimia vikao vya wagonjwa waliosajiliwa, na SHA imeendelea na jukumu hilo. Huo ni msaada mkubwa.

Lakini nauli, siku za kazi zinazopotea, vipimo na dawa havijaondoka. Mkulima au mchuuzi anayetumia siku mbili kila juma hospitalini ni vigumu kulisha familia yake kama zamani. Ni wachache wanaoweza kuelewa uzito wa maisha hayo bila kuyapitia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Figo iliyopandikizwa humrudishia mgonjwa maisha yanayokaribia kuwa ya kawaida, na ikilindwa vyema huweza kufanya kazi kwa miaka 10, 15 au zaidi. Ingawa upasuaji wenyewe ni ghali, gharama yake hulinganishwa na ya mashine isiyokuwa na kikomo. Ndiyo maana wataalamu wa figo huuhesabu kuwa tiba bora kwa mgonjwa anayeweza kuustahimili.

Zawadi ya jamaa

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanywa mjini Boston, Marekani, mnamo Desemba 23, 1954. Daktari Joseph Murray alitoa figo ya kijana mmoja na kumpandikizia ndugu yake pacha. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, kinga ya mwili wa mgonjwa haikuiona figo hiyo kuwa kitu kigeni. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi, na mwaka wa 1990 Murray alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kwa watu wasiokuwa mapacha, kizuizi kikuu kilikuwa kinga hiyo ya mwili. Mambo yalibadilika zaidi katika miaka ya 1980 kutokana na dawa ya saiklosporini, ambayo hupunguza makali ya kinga ili kiungo kipya kisishambuliwe. Hadi leo, mtu aliyepandikiziwa figo hulazimika kumeza dawa za aina hii kila siku, maadamu figo hiyo ingali inafanya kazi. Akikosa kwa majuma machache, anaweza kuipoteza.

Katika hospitali kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, anayejitolea hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, afya ya figo zake, moyo na hata hali yake ya kiakili. Figo inayobaki hupanuka kidogo na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya ile iliyoondoka. Watoaji wengi huishi maisha ya kawaida.

Hata hivyo, upasuaji huo hauna manufaa yoyote ya kimatibabu kwa mtoaji. Utafiti uliochunguza makumi ya maelfu ya watoaji nchini Marekani ulionyesha kwamba takriban watu 3 katika kila 10,000 hufariki katika siku 90 baada ya kutolewa figo. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo, na ni haki ya mtoaji kuelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi.

Lipo pia suala la hiari. Familia inapoketi kujadili ni nani atakayempa baba figo, si rahisi kwa kitinda mimba asiye na kazi, au binti anayeishi nyumbani, kusema hapana. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba wanawake hutoa figo kwa wingi kuliko wanaume, ilhali wanaume ndio hupokea kwa wingi. Kwa sababu hiyo, maadili ya taaluma huwataka madaktari wazungumze na mtoaji faraghani, bila jamaa yeyote kuwapo. Akionekana anasukumwa, huondolewa kwenye orodha, na familia huambiwa tu kwamba hafai kutoa. Kwa njia hiyo, aibu ya kukataa haimfuati nyumbani.

Soko la wenye shida

Mgonjwa asiye na jamaa wa kumfaa huwa katika hali ya hatari. Mfa maji haachi kutapatapa, na penye watu wanaotapatapa madalali hawakosekani. Wao humtafuta kijana mwenye madeni, humwahidi fedha, na kumfunza kudai kwamba ni binamu wa mgonjwa ambaye hajawahi kumwona.

Kenya haijaepuka tuhuma za aina hii. Mnamo Aprili 2025, baada ya uchunguzi wa vyombo vya habari vya Ujerumani kudai kwamba vijana walikuwa wakiuza figo kwa wagonjwa kutoka nje, Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi na kuunda kamati ya wataalamu kuchunguza huduma hiyo. Hospitali hiyo ilikanusha madai hayo.

Sheria ya Afya haina utata kuhusu jambo hili. Kiungo cha binadamu hutolewa kwa idhini ya maandishi, katika kituo kilichoidhinishwa, na si kwa malipo. Anayetoza fedha kwa kiungo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh10 milioni, kufungwa jela kwa kipindi kisichozidi miaka 10, au kupewa adhabu zote mbili. Msimamo huo unalingana na miongozo ya Shirika la Afya Duniani pamoja na Azimio la Istanbul la mwaka wa 2008, lililotolewa na wataalamu wa upandikizaji kulaani biashara ya viungo na utalii wa kwenda kuvinunua.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu mzima akatazwe kuuza kilicho chake, ikiwa atapata fedha na mgonjwa atapata uhai. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Iran, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imekuwa na mpango unaosimamiwa kisheria wa kuwalipa watoaji figo.

Jibu la hoja hiyo linapatikana kwa wauzaji wenyewe. Mwaka wa 2002, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha utafiti wa watu 305 waliokuwa wameuza figo mjini Chennai, India. Asilimia 96 waliuza ili kulipa madeni. Baada ya kuuza, wastani wa mapato ya familia zao ulishuka kwa thuluthi moja, na wengi walikuwa wangali na madeni. Asilimia 86 walisema afya yao ilizorota, huku asilimia 79 wakisema hawawezi kumshauri mtu mwingine afanye walivyofanya.

Kwa maneno mengine, figo iliondoka lakini umaskini ulibaki. Kuwakamata madalali ni jambo la lazima. Hata hivyo, maadamu wagonjwa ni wengi na figo za halali ni chache, dalali mmoja akifungwa mwingine atachukua nafasi yake.

Sheria inavyosema kuhusu marehemu

Hapa ndipo mlango wa pili unapokuwa na maana. Mtu mmoja aliyefariki katika mazingira yanayofaa anaweza kuwafaidi hadi wagonjwa wanane kwa moyo, mapafu, ini, figo, kongosho na utumbo wake, mbali na wale watakaopata konea za macho. Isitoshe, haumizwi, hapotezi siku za kazi, na hana deni la kumsukuma.

Sehemu ya 11 ya Sheria ya Afya inataja njia tatu za kutoa idhini. Mtu anaweza kuagiza katika wosia. Anaweza kutia sahihi hati mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Au anaweza kutamka kwa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Akibadili nia kabla ya kufariki, ana haki ya kubatilisha agizo lake.

Iwapo marehemu hakuacha agizo lolote wala hakukataza, sheria inawataja wanaoweza kuidhinisha kwa niaba yake, kwa mpangilio maalumu: mume, mke au wake; mtoto mkubwa; mzazi; mlezi; kisha kaka au dada mkubwa. Ukoo haumo katika orodha hiyo.

Kwa Mkenya, mpangilio huo si jambo dogo. Wanaoikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno wanajua sababu. Alipofariki mnamo Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ulipinga. Mnamo Mei 1987, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na maziko yakafanyika Nyalgunga, Siaya, miezi mitano baada ya kifo.

Kesi hiyo ilihusu mila za mazishi wala si viungo, lakini ilifichua jambo ambalo sheria ya 2017 haiwezi kulifuta kwa kifungu kimoja: kwa jamii nyingi, maiti si ya mtu mmoja. Mjane anaweza kupewa kalamu na sheria, lakini akiwa amezungukwa na mashemeji wanaopinga, ni wachache watakaothubutu kutia sahihi. Vilevile, ni madaktari wachache watakaothubutu kuendelea huku ukoo ukitisha kwenda kortini.

Tena viungo havina subira ya korti. Moyo uliohifadhiwa kwenye barafu huweza kungoja saa nne hadi sita tu. Ini huweza kungoja kama saa 12, na figo takriban siku moja au kidogo zaidi. Kikao cha ukoo kikiahirishwa hadi kesho, kiungo kimekwisha kuharibika.

Kifo cha ubongo

Kikwazo cha pili ni cha kitabibu, nacho kinahitaji maelezo ya makini kwa sababu ndicho kinachozua hofu kubwa zaidi.

Kwa kawaida mtu husemwa amekufa moyo unapokoma. Lakini moyo ukikoma, viungo vingine huanza kuharibika mara moja kwa kukosa damu. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya viungo vya marehemu duniani hutoka kwa watu waliothibitishwa kufa ubongo, wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, huku mashine ikiendelea kuingiza hewa katika mapafu.

Suala hili lilijitokeza kwa kishindo barani Afrika. Mnamo Desemba 3, 1967, Daktari Christiaan Barnard alifanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akitumia moyo wa mwanamke kijana aliyegongwa na gari. Mgonjwa aliishi siku 18. Mwaka uliofuata, kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitoa vigezo vya kutambua kifo cha ubongo, na nchi nyingi zikaanza kuviingiza katika sheria au miongozo yao.

Kifo cha ubongo si sawa na kupoteza fahamu. Mgonjwa aliyepoteza fahamu, hata kwa miezi mingi, ana ubongo ulio hai, na baadhi ya wagonjwa hao huamka. Aliyekufa ubongo hawezi kuamka, kwa kuwa hata shina la ubongo linaloamuru kupumua limekufa. Kifua chake hupanda na kushuka kwa nguvu za mashine. Moyo hudunda kwa sababu una misuli inayojiendesha maadamu inapata hewa, lakini nao hukoma baada ya muda.

Kuthibitisha kifo hicho huhitaji vipimo kadhaa. Kwanza, madaktari huhakikisha kwamba hali ya mgonjwa haitokani na dawa, sumu au baridi kali. Kisha humulika macho kuona iwapo mboni zitasinyaa, hugusa konea, hutia maji ya barafu masikioni na kuchunguza iwapo atakohoa. Mwishowe huiondoa mashine kwa dakika chache chini ya uangalizi ili kuona kama atajaribu kupumua mwenyewe.

Kanuni muhimu kuliko zote ni ile ya utengano. Madaktari wanaothibitisha kifo hawapaswi kuwa na uhusiano wowote na kundi linalopandikiza, wala na mgonjwa anayengoja kiungo. Bila ukuta huo, familia itashuku kwamba mpendwa wao aliachwa afe ili figo zake zichukuliwe. Katika nchi ambapo zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifariki barabarani kila mwaka, wengi wao vijana, shaka hiyo inaweza kuuangusha mpango mzima kabla haujasimama.

Sheria ya 2017 haikueleza hatua kwa hatua namna ya kuthibitisha kifo cha ubongo. Aidha, vitanda vya wagonjwa mahututi ni vichache, na wataalamu wa ubongo wamejikusanya katika miji michache. Daktari wa kaunti asiyekuwa na kanuni zilizo wazi za kumlinda hawezi kulaumiwa akiogopa kulianzisha jambo hili.

Dini na mila

Wengi huamini kwamba dini inapinga utoaji wa viungo. Ukweli ni kwamba viongozi wengi wa dini kuu wameukubali kwa masharti. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, liliuidhinisha mwaka wa 1988 kwa sharti kwamba kuwe na idhini na kusiwe na biashara, ingawa wapo wanazuoni wasiokubaliana nalo. Mnamo Agosti 2000, Papa Yohana Paulo wa Pili aliwaambia wataalamu wa upandikizaji waliokutana Roma kwamba kutoa kiungo kwa hiari ni tendo la upendo, akasisitiza kwamba mwili haupaswi kuwa bidhaa.

Kwa upande wa mila, hofu iliyozoeleka ni ya kumzika mtu akiwa pungufu, au ya marehemu kurudi kulalamika. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Madaktari wanaweza kueleza kwamba mwili hushonwa kama baada ya upasuaji wowote, kwamba hukabidhiwa jamaa ukiwa na heshima yake, na kwamba mazishi hayacheleweshwi. Uamuzi baada ya maelezo hayo ni wa familia.

Funzo kutoka kwingine

Baadhi ya mataifa yameamua kwamba kila mtu mzima ahesabiwe kuwa amekubali, isipokuwa aliyesajili pingamizi. Uhispania ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka wa 1979, Wales ikaanza kuitekeleza yake mwaka wa 2015, na Uingereza yenyewe mwaka wa 2020.

Uhispania imeongoza duniani kwa miaka mingi. Mwaka wa 2023 ilipata watoaji waliofariki karibu 49 kwa kila watu milioni moja. Lakini wataalamu wa nchi hiyo wenyewe husema kwamba siri haimo katika kifungu cha sheria. Kwa miaka 10 baada ya 1979 idadi haikupanda sana. Ilianza kupanda pale shirika la kitaifa la upandikizaji lilipoundwa mwaka wa 1989, na kila hospitali ikapewa daktari aliyefunzwa kutambua marehemu anayefaa na kuketi na familia. Hata leo, familia ya Kihispania ikikataa, madaktari huheshimu kauli yake.

Majirani nao wamepiga hatua. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mnamo Novemba 2017. Uganda ilipitisha sheria mahususi ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka wa 2023, na mwezi Desemba mwaka huohuo hospitali ya Mulago ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Nchi zote mbili zilianza na watoaji walio hai.

Mahali pa kuanzia

Kenya haihitaji kungoja hadi kila kaunti iwe na chumba cha kisasa cha wagonjwa mahututi. Konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, inaweza kutolewa saa kadhaa baada ya moyo kukoma, haihitaji kifo cha ubongo, na inaweza kuhifadhiwa kwa siku kadhaa. Nairobi ina benki ya macho katika hospitali ya Lions. Kila familia inayokubali kutoa macho ya marehemu wake humfundisha jirani kwamba jambo hili linawezekana bila laana wala fedheha.

Pili, panahitajika sajili ya kitaifa ambayo hospitali yoyote inaweza kuisoma usiku wa manane. Hati iliyotiwa sahihi na kufungiwa sandukuni nyumbani haimsaidii daktari aliye Nakuru saa mbili baada ya ajali.

Tatu, na pengine muhimu zaidi, ni haki katika ugawaji. Penye orodha ya pamoja, kiungo hutolewa kwa kufuata ulinganifu wa damu na tishu, muda wa kusubiri na uzito wa ugonjwa, huku watoto wakifikiriwa kwanza. Uwezo wa kulipa hauna nafasi. Lakini orodha pekee haitoshi. Ikiwa maskini hawezi kumudu dawa za kulinda figo baada ya kupandikiziwa, madaktari watalazimika kumruka. Matokeo yatakuwa kwamba maskini hutoa na tajiri hupokea, na wananchi watakuwa na kila sababu ya kukataa kushiriki. Kwa hivyo, bima inayolipia upasuaji haina budi kulipia pia dawa za miaka inayofuata.

Hayo ni majukumu ya Bunge, Wizara ya Afya na hospitali. Lakini kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo serikali haiwezi kuifanya. Mwanasheria anaweza kuandika kifungu kizuri na daktari akafanya vipimo vyote kwa uaminifu, lakini bado atakuja kusimama mbele ya mjane, mzazi au mtoto aliyepokea habari mbaya kuliko zote, na kumuuliza marehemu angetaka nini.

Jamaa aliyewahi kumsikia marehemu akilisema jambo hilo mezani, mbele ya ndugu na wakwe, huwa na jibu, na ukoo huwa umelisikia pia. Asiyewahi kusikia hubaki akikisia, na mtu anayekisia katika majonzi kwa kawaida husema hapana. Sheria imekubali kauli ya mdomo mbele ya mashahidi wawili. Haigharimu hata senti moja, wala haingoji kanuni mpya, na inafaa kutamkwa mapema na mtu mwenye afya, awe ameamua kutoa au ameamua kutotoa.